Siku Bi Mdogo Alipokabidhiwa Nyumba

Nyinyi vijana mnaosomea kompyuta mna raha yenu. Mnaniambia kwamba siku hizi mashine kuu ikipatwa na janga, ile ya akiba inashika kazi yenyewe, mtu hata chai yake haijapoa. Mjukuu wangu Salumu, ambaye hiyo ndiyo kazi inayompa mkate huko Dar es Salaam, alinieleza hivyo Idi iliyopita, mdomo umejaa pilau. Nikamuuliza swali moja tu: hiyo ya akiba inajuaje kwamba ya kwanza imekufa? Akasema, "Inaiita, Bibi. Isipoitika, basi." Nikamwambia kwamba babu yake nilikuwa nikimwita kutwa haitiki, na alikuwa mzima wa afya, kabandika sikio kwenye redio anasikiliza mpira. Kwa akili ya mashine ya Salumu, marehemu tungemzika kila Jumapili.

Salumu alicheka. Mimi sikucheka sana, maana swali hilo nilifunzwa kazini, na nusura binti wa watu aitwaye Zuhura apoteze roho kabla sijalielewa.

Mimi naitwa Somoe. Kwa miaka mingi nilitunza kompyuta ya mradi mmoja wa wagonjwa wa kifafa hapa Kibiti, enzi zile za ruksa, mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine na mitumba ikimwagwa minadani mpaka watoto wa Bungu wakawa wanavaa makoti ya baridi. Aliyenifundisha ni Mzee Matimbwa. Yeye alikuwa mpiga simu ya upepo, ile redio ya kuitana, wa shirika fulani, shirika likauzwa, akapigwa ridandasi, yaani kupunguzwa kazi, akarudi kwao na baiskeli, kitanda cha chuma na sikio la ajabu. Mngekuwa mmekaa naye kwenye simu ile, nyinyi mnasikia mvumo mtupu, yeye anawaambia huyu anayeongea ana mafua.

Hakuwa mtu mpole. Ukikosea alinyamaza, ukikosea tena alikuita "mwanangu" kwa sauti ambayo ungetamani akutukane. Lakini siku niliyojifungua mtoto wangu wa pili alikuja na kuku wawili na kunionya nisirudi kazini mapema, kompyuta haijui kulea.

Mradi ulikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa Mohoro, ng'ambo ya mto, nyingine hapa kwetu. Ya Mohoro ndiyo iliyoandika kila kitu: nani kaja kliniki, kapewa dawa gani, kiasi gani, nani kabadilishiwa. Kila ilichoandika ilikipa namba, kisha ikakirusha kwa simu ya upepo kupitia kidude fulani chenye mlio wa kuudhi, na ya Kibiti ikapokea na kuandika vilevile, namba kwa namba. Sisi tulisoma tu. Mgonjwa akihudumiwa hapa au Bungu, habari zake tulizituma kwanza Mohoro, zikaandikwa kule, ndipo zikarudi kwetu. Mzee Matimbwa aliita ile ya Mohoro Bi Mkubwa, na ya Kibiti Bi Mdogo. Wageni wa mradi walidhani ni majina ya kitaalamu, mmoja akayaweka kwenye ripoti yake.

Sasa mtaniuliza, kwa nini Bi Mdogo asiachwe naye aandike lake? Nitawaambia habari za Mzee Kipande.

Siku moja tulifanya mazoezi. Tukampa Bi Mdogo ruhusa ya kuandika, tuone kama anaweza kushika nyumba. Aliweza. Tukafurahi, tukanywa soda, na katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kumrudisha kwenye nafasi yake. Kwa majuma kadhaa wakawa wanaandika wote wawili, kila mmoja lake. Mzee Kipande alikuwa na mke Mohoro, na alikuwa na mwingine Bungu ambaye wa Mohoro hakuwa na habari zake. Bi Mkubwa akamwandika ni wa Mohoro na kumpa dawa zake, Bi Mdogo akamwandika ni wa Bungu na kumpa dawa zake. Mzee alimeza zote, maana kila nyumba mke alimsimamia na kikombe cha maji mkononi. Akawa mtu wa kulala. Alilala kwenye hitima ya shemeji yake, akakoroma mpaka shehe akakatiza dua. Tulipokuja kuunganisha maandishi ya mashine mbili, muuguzi akasoma kwa sauti makazi yake yote mawili, na mke wa Mohoro kakaa palepale kwenye benchi. Yaliyofuata hayakuwa ya kitaalamu.

Basi kuanzia siku ile tukajua. Mashine moja ikipotea, mna shida. Mashine mbili zikidai kwa pamoja kwamba ndizo zenye ukweli, mna shida kubwa zaidi, na hamjui kama mnayo.

Mambo mengine nilijifunza kwa njia za aibu ndogo ndogo. Miguu ya meza ya kompyuta isimame ndani ya makopo yenye mafuta ya taa, kwa sababu sisimizi wanapenda joto la kasha lile kuliko sukari. Usiifunike kwa khanga ikiwa inawaka, hata kama anakuja mgeni wa mkoa na unataka chumba kipendeze. Na akiba ambayo hujawahi kuijaribu usiiite akiba, iite dua.

Tuje kwenye maji. Mtu wa Rufiji haogopi mafuriko, anayangoja. Maji yakipanda na kushuka ndipo bonde linapata rutuba na mpunga unanenepa. Wakati wa mpunga familia huhamia bondeni na kuishi kwenye dungu, kijumba cha juu ya nguzo, wakilinda shamba na ndege na nguruwe, maji yakija yanapita chini yao na maisha yanaendelea juu. Kila familia ina nyumba mbili, ya barabarani na ya bondeni. Mwaka ninaousema, maji yalipita kiasi. Madungu mengine yalifikiwa sakafu, mengine yakaondoka na nguzo zake.

Simu ya upepo ya Mohoro ikanyamaza. Kidude chetu kilipangwa kumwita Bi Mkubwa kila baada ya dakika chache, kikaita, kikaita, wapi. Pantoni ya kuvukia mto ilikuwa imesimama. Watu waliofika kutoka upande wa Ikwiriri walisema wamesikia nyumba ya mradi Mohoro imezama mpaka madirishani. Mkubwa wetu wa Dar es Salaam akatuma amri fupi: Mohoro haipo tena, mpeni Bi Mdogo kazi leo hii. Nami nilikuwa tayari. Nilikuwa nimejifunza hatua zote, na kusema kweli vidole vilikuwa vinaniwasha.

Ndipo wakamleta Zuhura.

Alikuwa binti wa Mbwara, wa darasa la saba, mwembamba, mwenye kifafa tangu utoto. Mama yake alikuwa amebaki huko ng'ambo na kichanga, na Zuhura alivuka kwenda kumsaidia bibi yake, Bi Hadija, kulinda mpunga kwenye dungu karibu na Ikwiriri. Maji yakawafuata humo. Waliokolewa kwa mtumbwi wa jirani, lakini mfuko wa dawa ukaenda na mto. Siku zikapita bila kidonge, kifafa kikampanda, kikampanda tena, na alipofika kwetu nyuma ya lori hakuwa na fahamu za kusema hata jina lake.

Tabibu wetu aliitwa Elinami, kijana wa Kilimanjaro aliyeletwa kwetu akidhani ni adhabu na akaishia kuoa Kibiti. Alinijia mbio akataka nimsomee Zuhura anatumia dawa gani. Bi Mdogo akasema bila kusita: dawa ya kwanza, kidonge kizima asubuhi na jioni. Tabibu akaenda kabatini, akashika kopo.

Mzee Matimbwa, ambaye alikuwa pembeni anakausha nyaya, akamwambia angoje kidogo. Akanigeukia mimi, akaniuliza neno la mwisho Bi Mdogo alilopokea kutoka kwa mwenzake ni lipi.

Nikatazama. Kila Mohoro walipotaka kurusha, kwanza walitangaza wana mangapi ya kutuma, kisha wakayatuma. Mara ya mwisho walitangaza mengi, yakafika machache, halafu mvua ikakata mawasiliano. Kulikuwa na mkia uliobaki huko huko. Na siku ile ya mwisho, kwa ratiba ya kliniki, ilikuwa siku ya watu wa Mbwara.

Tabibu alisimama na kopo lake mkononi. Alisema yawezekana huo mkia hauna lolote kuhusu binti huyu. Mzee akakubali, yawezekana. Tukamuuliza Bi Hadija kama anajua lolote. Akasema mjukuu alifika kwake akitoka moja kwa moja kliniki ya Mohoro, alikopelekwa na mama yake, na vidonge alivyoviona vilikuwa vyeupe. Watoto wangu, vidonge vyote kabatini kwetu vilikuwa vyeupe. Tabibu akarudisha kopo, akamchoma Zuhura sindano ya kutuliza. Alikuwa nazo chache, akasema zinaweza kumfikisha jioni, baada ya hapo lazima apewe dawa yake ya kila siku, na itabidi tuamue ni ipi.

Mimi nikasema basi tufanye haraka nimpe Bi Mdogo nyumba, mengine yatafuata. Hapo ndipo Mzee alipoweka nyaya chini.

"Bi Mkubwa amekufa?"

"Nyumba imejaa maji, Mzee."

"Nimekuuliza Bi Mkubwa, mwanangu. Sikukuuliza nyumba."

Bi Hadija alikuwa kakaa chini, kichwa cha mjukuu kiko mapajani mwake. Akauliza huyo Bi Mkubwa anakaa na nani. Nikamweleza ni mashine, na mwangalizi wake ni Shamte Mbonde. Akataka kujua ni Mbonde wepi. Nilipomwambia, akatikisa kichwa kana kwamba tumemuuliza jambo la kitoto. Wale aliwajua, dungu lao liko kwenye mwinuko nyuma ya Mohoro, nguzo zake ni za mikoko.

"Shamte hakuacha kitu chini," akasema. "Mtu wa bondeni maji yakija hakimbii, anapanda. Kwanza mbegu, halafu kuku, halafu yeye."

Tulitazamana, mimi na Mzee, tukaona haya. Sote wawili ni watu wa bonde lile, na tulikuwa tumekaa tunafikiri kama mkubwa wa Dar es Salaam. Angekuwa mtu mwingine angefunga mlango na kukimbilia barabarani. Shamte angefanya alichofanya baba yake na babu yake, kuhamia nyumba ya pili na mali yake yote kichwani. Na kama Bi Mkubwa yuko juu ya dungu, na Shamte ana betri ya lori na inveta ya kugeuza umeme wake, basi watu wanamfuata kwa mitumbwi kuchukua dawa, na Bi Mkubwa anaandika. Nikimwachia Bi Mdogo naye aandike, tutakuwa na akina Mzee Kipande wilaya nzima.

Lakini kama ni mzima, mbona haitiki? Mzee akasikiliza kidude chetu kikiita. Kikalia, kikatulia, kikalia tena. Akasema Shamte waya wake wa hewani sasa uko chini, betri yake imechoka, sauti yake itakuwa ndogo sana, na sisi tumeijaza njia yote kwa makelele ya kumuuliza yuko wapi. Hata akijibu, tutamsikilizia wapi? Tena Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba betri ikichoka usikae hewani kutwa, fungua baada ya alasiri, sema machache, funga.

Nikazima kidude. Amri ilikuwa kisizimwe kamwe, nikakizima. Chumba kikawa kimya, tukasikia mvua kwenye bati na pumzi ya Zuhura.

Alasiri ikaingia, Mzee akaswali, nami nikaswali pembeni na Bi Hadija. Sitawaficha, siku ile sikuomba kwa utulivu. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba namtaka Shamte. Kisha Mzee akaweka sikio kwenye spika, akafumba macho, akainua mkono tusipumue. Mimi nilisikia mvumo tu. Yeye akaanza kutabasamu.

"Kibiti, Kibiti, hapa dunguni," ndivyo alivyoturudia Mzee, na baada ya kugeuzageuza kitufe hata mimi nikaisikia sauti, nyembamba kama uzi. Betri inakufa, mgonjwa anasubiri, na Shamte anasema shikamoo Mzee. Na Mzee anaitikia marahaba, anauliza hali ya wazee wake. Tabibu Elinami mlangoni alikuwa anajitafuna midomo. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kuhakikisha kwamba kweli wanaongea na mtu wanayemdhania, na sitawacheka kwa hilo.

Tulimwomba mkia wetu, tukamwambia kuna binti wa Mbwara amelala hapa hatujui anatumia nini. Shamte akauwasha mtambo wake, akasoma moja moja, na mimi nikaandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Fulani kaongezewa nusu kidonge. Fulani kahamia Mohoro. Kisha akasoma:

"Zuhura Mpili, wa Mbwara. Dawa ya kwanza imesimamishwa. Asipewe tena maishani, imemchubua kinywa na ngozi imeanza kuvimba. Apewe ya pili, nusu asubuhi, nusu jioni."

Tabibu aligeuka palepale. Alikwenda kabatini, akalichukua lile kopo alilokuwa amelirudisha, akalisogeza rafu ya nyuma kabisa. Baadaye alinieleza kwamba ngozi ya namna ile ikirudiwa na dawa ileile, mgonjwa hubabuka mwili mzima kama aliyemwagiwa maji ya moto, na wengi hawaponi.

Kazi ilikuwa bado. Mzee akanipa mimi kipaza sauti, akasema anayepokea nyumba ndiye anayebisha hodi. Nikamwambia Shamte amzime Bi Mkubwa, asimwashe tena mpaka aonane na sisi. Wagonjwa wa huko awape dawa zilezile za siku chache chache, aandike kwa mkono, asimbadilishie mtu.

Sauti ya Shamte ikarudi, ndogo zaidi.

"Nimzime, dada Somoe? Nimempandisha juu kabla ya mpunga wangu."

Alikuwa ameibeba mashine ile kichwani, maji yakimfika kifuani, na magunia yake ya mbegu yakabaki chini. Nilijua maana ya mbegu kwa mtu wa bondeni. Nililia, na sauti yangu ikatoka imejaa kilio. Nikamwambia, "Najua, kaka. Mzime. Hakuna aliyemtunza kama wewe."

Tukasikia mvumo. Kisha akasema, "Nimezima. Sasa nyinyi ndio sisi." Baada ya hapo hatukusikia tena kitu.

Nikampa Bi Mdogo nyumba. Kwanza nikamwandikisha yale ya Shamte, kwa namba zilezile alizozisoma. Kisha mapya yetu nikayaanzishia namba za mbali mbele, nikaacha nafasi katikati, ili likitokea lolote ambalo Shamte aliandika na halikutufikia, lije lipate pa kukaa bila kugombana na letu. Hilo mlizingatie, hata leo lina kazi. Tabibu akaponda nusu kidonge cha dawa ya pili, akakikoroga na maji, Bi Hadija akamnywesha mjukuu wake kwa kijiko huku akimsemesha Kindengereko.

Siku ya pili Zuhura alifumbua macho vizuri. Siku chache baadaye alikuwa analalamika kwamba uji wa Kibiti hauna chumvi, na Mzee Matimbwa akasema huyu sasa amepona, tumrudishe kwao kabla hajatuharibia jina.

Pantoni iliporudi kuvuka, Shamte alikuja. Alishuka na Bi Mkubwa kichwani, kamfunga kwa mkeka kama maiti ya mtu mwenye heshima, na jambo la kwanza alilotaka ni kumrudisha kwenye cheo chake. Ikabidi nimweleze kwamba haiwezekani hivyo. Bi Mkubwa amelala, nyumba imesonga mbele bila yeye, sasa itabidi akae chini apokee yote kutoka kwa Bi Mdogo mpaka walingane, ndipo tuzungumze. Shamte alinung'unika kutwa, bibi wa watu kufundwa na mke mdogo, dunia imekwisha. Akakubali.

Lakini hakuja peke yake. Alifuatana na mwanamke mwenye kichanga mgongoni, mama yake Zuhura. Habari za binti kuletwa Kibiti, haijulikani anatumia dawa gani, zilikuwa zimemfikia kupitia kwa Shamte, na Shamte alikuwa amemwambia ukweli wote aliokuwa nao: kwamba alisoma ujumbe, kwamba Kibiti waliusikia, kisha akazima. Kama dawa ile ilikuwa imekwishatolewa kabla ya ujumbe, yeye hakujua, na hakuwa na njia ya kuuliza. Mama alikaa na hilo mpaka mto uliporuhusu.

Hakunisalimu, wala sikumlaumu. Alinipita mlangoni, akamkuta Zuhura uani anapepeta mchele na bibi yake. Hakumkumbatia. Alimshika kidevu, akamwambia afungue mdomo. Akatazama ulimi, akatazama ndani ya mashavu, akamgeuza mikono juu na chini. Zuhura akamuuliza mbona anamkagua kama mbuzi wa mnadani. Mama akamwachia mikono. Akaketi palepale kwenye matope, na kichanga chake mgongoni, akamvuta yule binti mrefu akamkalisha mapajani, akawa anampembeza kama mtoto wa kunyonya.